BBC Micro ya stoo ya shule: kipi ni ubovu, kipi ni mpangilio tu

Swali la msomaji, mwalimu wa sekondari mkoani Njombe:

"Tumekuta kwenye stoo ya shule kompyuta ya zamani, BBC Micro Model B. Siku ya kwanza ilifanya kazi dakika kama kumi, kisha ikatoa moshi wenye harufu kali upande wa kushoto. Ajabu ni kwamba haikuzima. Tangu hapo, asubuhi zenye baridi inatoa mlio mmoja usiokoma na skrini inabaki tupu. Tukizima na kuwasha mara tatu au nne inaamka. Siku nyingine inaandika 'Language?' tu. Ikiamka vizuri inaandika 'BBC Computer 32K' na 'Acorn DFS' kwa herufi nyembamba, halafu inaganda. Mwanafunzi mmoja aligundua kwamba ukishika SHIFT ukabonyeza BREAK, inakubali. Hatuna diski draivu, tuna kaseti za programu za hesabu, lakini zinaleta 'Data?' au 'No room'. Kwenye TV bapa picha ni nyeusi na nyeupe, na mstari wa juu umekatika. Je, imekufa?"

Jibu:

Haijakufa, mwalimu. Ila usiichomeke tena kwenye umeme mpaka pawa saplai ishughulikiwe. Katika yote uliyoyataja, mawili ni ubovu wa kweli: moshi, na uvivu wa kuamka kwenye baridi. Kuganda, herufi nyembamba, "No room", picha isiyo na rangi na mstari uliokatika ni mipangilio. "Language?" ni chipu isiyogusa soketi vizuri, na "Data?" ni kaseti inayosomwa vibaya; tutazifikia. Mashine inafanya kile hasa ilichoagizwa na mtu aliyeitumia zamani akiwa na diski draivu. Hatari ni kuanza kung'oa chipu kutafuta ugonjwa ambao haupo, na hapo ndipo ubovu wa kweli unapozaliwa.

Tuanze na moshi, kwa sababu huo unaweza kuunguza stoo.

Ndani ya boksi la chuma la pawa saplai, upande wa kushoto, kuna kapasita mbili zilizofungwa moja kwa moja kwenye njia ya umeme mkubwa. Kazi yake ni kuzuia kelele za umeme zisitoke kwenda kwenye nyaya za nyumba. Zile za asili kwa kawaida ni za kampuni ya Rifa, zenye ganda la rangi ya asali linaloonyesha ndani. Zimetengenezwa kwa karatasi iliyopakwa metali, na ganda lake hupasuka kwa uzee. Ufa ukishatokea, unyevu unaingia kwenye karatasi, na huko kwenu wenye ukungu wa asubuhi unyevu haukosekani. Ukiwasha baada ya miaka ya kukaa, karatasi inapata moto, inatoa moshi mzito na harufu inayokaa chumbani siku mbili tatu. Kompyuta haizimi kwa sababu kapasita hizo hazimo kwenye njia inayotengeneza volti 5. Ziko pembeni tu. Ndiyo maana wengi wanadanganyika kwamba "imepona yenyewe". Ya pili bado inasubiri zamu yake.

Badilisha zote mbili kwa mkupuo mmoja: moja ni mikrofaradi 0.1, nyingine 0.01. Lazima ziwe na alama ya X2 na volti 275 za AC. Kapasita ya kawaida ya volti 400 DC haifai hapo hata kama mikrofaradi ni zile zile, kwa sababu ya X2 imetengenezwa kuhimili misukosuko ya umeme wa ukutani bila kuwaka. Ile ya 0.1 utaipata kwenye pawa saplai mbovu za kompyuta za mezani, ni boksi dogo la plastiki, mara nyingi la njano, lenye X2 ubavuni. Soma namba kwa makini, maana humo humo kuna za 0.22 na 0.47. Ukishindwa Njombe, mafundi wa TV wa Makambako au Mwanjelwa pale Mbeya wana mabodi ya kutosha ya kukatia.

Wakati boksi limefunguliwa, badilisha na kapasita ya tatu: ile ya mikrofaradi 220, volti 10, inayoandikwa C9 kwenye bodi ya Astec, watengenezaji wa pawa saplai hiyo. Hii ndiyo mshukiwa wangu mkuu wa uvivu wenu wa asubuhi. Kapasita ya maji ikikauka, upinzani wake wa ndani unapanda, na baridi inaupandisha zaidi. Pawa saplai inajaribu kuanza, inashindwa, inajaribu tena. Kila jaribio linaipasha joto kidogo, ndiyo maana mara ya tatu au ya nne inakubali. Weka mpya ya 220 yenye volti 16 au 25 na daraja la nyuzi 105, na uzingatie upande wa hasi.

Kazi hii apewe fundi anayezoea pawa saplai za TV. Kapasita kubwa ya humo ndani inabeba takriban volti 325 za DC, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kutolewa. Subiri dakika kumi, kisha pima kwa mita kabla ya kugusa. Kutoa boksi lenyewe ni rahisi: kifuniko cha kompyuta kinashikiliwa na skrubu nne zenye neno FIX pembeni, mbili nyuma na mbili chini, na pawa saplai inashikiliwa na skrubu tatu kutoka chini. Kabla ya kuchomoa nyaya piga picha. Nyekundu ni volti 5, nyeusi ni sifuri, zambarau ni hasi 5. Nyekundu na nyeusi zikibadilishana nafasi, hakuna cha kuokoa tena.

Pawa saplai ya aina hii haipimwi ikiwa tupu. Fundi afunge balbu ya gari ya volti 12, wati 21, kati ya waya mwekundu na mweusi kama mzigo, kisha apime. Itawaka kwa mwanga hafifu na mita isome karibu na volti 5. Ikizidi 5.25 usiirudishe kwenye bodi. Ukishairudisha, pima tena kwenye chipu ya 6502 yenyewe, yaani prosesa, ubongo wa kompyuta: mguu wa 8 dhidi ya mguu wa 1. Panatakiwa pawe kati ya 4.75 na 5.25. Kama boksi linatoa 5.05 lakini kwenye chipu unasoma 4.6, tatizo ni vibanio vya nyaya vilivyoota kutu au risasi iliyopasuka chini ya ile miguu bapa ya kuchomekea. Vichomoe, visugue, vibane kidogo kwa koleo ili vishike, na lehemu upya palipopasuka.

Jambo dogo: plagi nyingi za zamani zimewekewa fyuzi ya ampia 13. Weka ya ampia 3. Na mvua za Novemba hadi Aprili zikianza, plagi itoke ukutani kila mnapomaliza; swichi peke yake haizuii radi.

Mlio usiokoma

Wengi wanadhani ule mlio ni onyo la kompyuta. Sivyo. Chipu ya sauti ikipata umeme huanza kulia yenyewe, na kazi mojawapo ya mwanzo ya programu mama, yaani MOS, ni kuinyamazisha na kupiga ule mlio mfupi wa pili mnaoujua. Kwa hiyo mlio usiokoma maana yake ni moja: 6502 haijafika kwenye hatua ya kuinyamazisha. Ama haina umeme safi, ama imezuiwa kwenye reseti, ama haiwezi kusoma MOS, ama RAM (kumbukumbu ya muda) ya chini imekufa.

Kwa mashine yenu, umeme safi ndio wa kwanza kushukiwa. Baada ya C9 mpya huenda hamtausikia tena. Ukiendelea, pima mguu wa 40 wa 6502: unatakiwa uwe juu, karibu volti 5, na ushuke sifuri unapobonyeza BREAK. Ukibaki chini muda wote, angalia kama kitufe cha BREAK kimekwama. Hilo hutokea sana kwa mashine iliyokaa chini ya mafaili.

Kisha nenda kwenye soketi. "Language?" ni ushahidi mzuri sana kwako, kwa sababu inaonyesha kwamba MOS imefanya kazi yote, imetafuta lugha ya kuikabidhi mashine, na haikuiona BASIC. Maana yake BASIC haijagusa soketi yake sawasawa, kwani siku nyingine inaonekana. Chipu hizo ziko mbele kulia, chini ya kibodi. Fungua boliti za kibodi, iinue bila kuvuta utepe wake wa nyaya 17. Utaona soketi tano kwa safu: ya kushoto kabisa ni IC51 ya MOS, kisha IC52, IC88, IC100 na IC101. BASIC kwa kawaida iko IC52.

Zing'oe moja moja kwa bisibisi bapa, ukiinua kidogo upande huu, kidogo upande ule. Ukiinua upande mmoja kwa pupa miguu inapinda. Miguu ikiwa imepiga weusi, isugue taratibu kwa ufutio wa penseli, kisha ipanguse kwa spiriti ya isopropili. Usipulizie mafuta ya kulegeza kutu, yanashika vumbi. Gusa bati la boksi la pawa saplai kabla ya kushika chipu, hasa kipindi cha kiangazi mkiwa na masweta ya sufu, maana umeme wa msuguano ni mwingi. Rudisha kila moja na kibonyeo chake kikielekea kule kule kilikokuwa. Kuchomoa na kurudisha tu, hata bila kubadilisha kitu, huponya sehemu kubwa ya mashine hizi.

Kompyuta ikitoka kwenye stoo yenye baridi kuingia kwenye chumba chenye watu arobaini, umande unatanda juu ya bodi kama unavyotanda kwenye miwani. Iache saa moja au mbili kabla ya kuiwasha.

Swichi mbili zilizosahauliwa

Sasa tuje kwenye kuganda, ambako mwanafunzi wako ametoa jibu lenyewe bila kujua.

Kwenye Model B, BREAK ya kawaida inarudisha BASIC, na SHIFT pamoja na BREAK inaamuru mashine iwashe kutoka kwenye diski. Yenu inafanya kinyume: BREAK peke yake, na hata kuwasha kwenyewe, inatafuta diski. Diski haipo, kwa hiyo inasubiri. Ukishika SHIFT, kinyume kinageuka kuwa kawaida na unaipata BASIC. Hii haitokei kwa bahati mbaya. Kuna mtu aliifunga hivyo makusudi.

Upande wa kulia, mbele, kwenye bodi ya kibodi kuna safu ya jozi nane za vitundu. Mashine nyingi zimeachwa wazi. Nyingine zimelehemewa swichi ndogo nane au vipande vya waya. Wakati wa kuwasha, MOS inazisoma kama tarakimu nane za baiti moja. Jozi iliyo wazi ni 1, iliyofungwa ni 0. Tatu za mwisho kulia, yaani ya 6, ya 7 na ya 8, zinachagua modi ya skrini ya kuanzia. Ya 5 inageuza kazi ya SHIFT na BREAK. Ya 3 na ya 4 zinapanga mwendo wa diski draivu. Mbili za kushoto hazikuhusu.

Huhitaji hata kufungua kifuniko ili kuzisoma. Ingia BASIC kwa mbinu ya mwanafunzi wako, kisha andika:

A%=255:X%=0:Y%=255
PRINT (USR(&FFF4) AND &FF00) DIV 256

Mashine ambayo haijaguswa itajibu 255. Kwa dalili ulizoeleza, natarajia yenu ijibu 243. Namba hiyo kwa tarakimu za mbili ni 11110011: jozi ya 5 na ya 6 zimefungwa. Ya 5 ndiyo inayoifanya itafute diski. Ya 6 inafanya modi ya kuanzia iwe 3 badala ya 7, na modi 3 ndiyo hizo herufi nyembamba, 80 kwa mstari, zenye nafasi nyeusi kati ya mistari. Mpangilio huo ni wa mtu aliyekuwa akichapa barua au mitihani: awashe, diski ijiendeshe, ukurasa uwe na herufi 80. Kwake ulikuwa mzuri kabisa.

Ukipata 247, ni kugeuzwa kwa BREAK peke yake. Ukipata 251, ni modi 3 peke yake. Ukipata namba nyingine yoyote, igeuze kuwa tarakimu za mbili, na kila sifuri itakuonyesha jozi iliyofungwa.

Kwa majaribio andika:

*FX 255,255

halafu bonyeza BREAK peke yake, bila SHIFT. Mashine itarudi kwenye modi 7 yenye herufi nene, na BASIC itakuwa tayari. Mpangilio huu unadumu kwa BREAK ya kawaida, ila unafutika ukizima au ukibonyeza CTRL na BREAK pamoja, kwa sababu hapo MOS inakwenda kuzisoma jozi upya. Dawa ya kudumu ni kufungua jozi hizo mbili: kama ni swichi, zisukume, kama ni waya, ziyeyushe risasi uzitoe. Usiamini namba zilizochapwa kwenye swichi zenyewe, maana wapo waliozilehemu zikiwa zimegeuzwa. Sogeza moja, zima, washa, soma tena kwa ile amri ya PRINT. Namba ndiyo shahidi.

BREAK ya kawaida ikibonyezwa kwa bahati mbaya, programu ya mwanafunzi haijapotea. Aandike OLD kabla ya kuandika mstari mwingine wowote, kisha LIST. Waambieni wote siku ya kwanza, itawaokolea machozi mengi.

"No room" na kaseti

"No room" inatokana na swichi ile ile, pamoja na diski. Skrini ya modi 3 inakula RAM (anwani zifuatazo ni za heksadesimali, hesabu ya kumi na sita) kuanzia &4000 hadi &7FFF, yaani kilobaiti 16, nusu ya mashine nzima. Ile ROM ya Acorn DFS, chipu yenye programu ya kuendesha diski, nayo inajichukulia nafasi, kwa hiyo programu za BASIC zinaanzia &1900 badala ya &E00. Kati ya &1900 na &4000 zimebaki baiti 9,984 tu. Mkirudi modi 7 zinakuwa 25,344. Mkiiambia mashine isahau diski, zinakuwa 28,160:

*TAPE
PAGE=&E00
NEW

kisha LOAD "". Usiache NEW, ukibadilisha PAGE bila NEW, BASIC inasoma uchafu uliokuwa pale na kulalamika "Bad program". Kaseti nyingi za shule ziliandikwa kwa mashine zisizo na diski, zikitegemea &E00, kwa hiyo fanyeni mistari hii mitatu iwe desturi.

"Data?" ni habari nyingine: hapo kaseti imesomwa vibaya kweli. Programu imerekodiwa kwa vipande vya baiti 256, kila kimoja na namba yake ya kuhakiki. "Data?" ina maana kwamba kipande kimefika lakini hakikulingana na namba yake. "Header?" ni kichwa cha kipande kilichoharibika, na "Block?" ni kipande kilichorukwa. Hakuna haja ya kuanza upya: rudisha mkanda nyuma sekunde chache na ucheze tena, mashine itakidaka kile kile ilichokuwa ikikingoja.

Ili kurekebisha rekoda, usitumie LOAD. Tumia *TAPE kisha *CAT, na ucheze mkanda. Utaona jina la programu na namba za vipande zikipanda kwa heksadesimali. Mwishoni itabaki kitu kama HESABU 0A 0A45: kipande cha mwisho ni 0A, urefu ni &0A45. Ukiwa kwenye *CAT unaweza kugusa sauti na kichwa cha rekoda huku ukiangalia namba zinapita au zinakatika. Anza na sauti ya robo tatu, toni ya treble juu kabisa.

Kama bado inakataa, ni kichwa. Kisafishe kwa pamba na spiriti mpaka pamba itoke nyeupe. Kisha tafuta skrubu ndogo pembeni ya kichwa, ile yenye springi. Hiyo inalaza au kuinua kichwa. Sifuri kwenye kaseti hii ni wimbi moja la hezi 1200, na moja ni mawimbi mawili ya hezi 2400. Kichwa kikikaa upande, sauti nyembamba ndiyo inayofifia kwanza, hivyo moja zinapotea huku sifuri zikibaki, na kila kipande kinashindwa hesabu yake. Cheza kaseti kwenye spika ya rekoda, zungusha skrubu kwa robo ya robo, na uishie pale ule mlio unaposikika mkali na mwembamba kuliko pote. Kaseti ikiwa ilirekodiwa kwenye rekoda nyingine, huenda ukahitaji kurudia kwa kila kaseti.

Rangi na mstari uliokatika

Bila shaka umetumia soketi ya BNC, ile ya duara ya kutoa picha, kwenda kwenye tundu la njano la TV. Soketi hiyo kiwandani ilipangwa kutoa nyeusi na nyeupe tu, kwa ajili ya monita za maandishi. Kwanza thibitisha:

MODE 7
PRINT CHR$129;"NJOMBE"

CHR$129 ni nyekundu. Ikitoka ya kijivu, tafuta kwenye bodi, karibu na soketi ya BNC, alama S39. Ni vitundu viwili au pini mbili. Ziunganishe kwa tone la risasi au kijumpa, na rangi ya PAL (mfumo wa rangi wa TV) itaingia. Nakushauri uifanye kwa darasa la michezo na michoro. Kwa kazi za herufi 80 iache wazi, kwa sababu rangi ya PAL inaleta ukungu pembezoni mwa herufi na macho yanachoka. Njia ya pili isiyohitaji kulehemu ni soketi ya UHF, ile ya kuunganisha na tundu la antena la TV: tafuta chaneli 36 kwenye upande wa analogi wa TV. Hiyo ina rangi tayari, ila sauti itatoka kwenye spika ya kompyuta yenyewe.

Mstari wa juu uliokatika hauhitaji fundi. Andika *TV 255 kisha MODE 7, picha itashuka mstari mmoja. *TV 254 inashusha miwili. Ukiongeza ,1 mbele, yaani *TV 255,1, unazima pia ule mtetemo wa mistari kwenye modi 0 hadi 6, na TV bapa nyingi hutulia zaidi. Amri haionekani mpaka ubadilishe modi au ubonyeze BREAK, na watu wengi huiandika mara tano wakidhani haifanyi kazi.

Kama baada ya haya herufi zinatoka zimepotoka

Sitarajii, lakini chumba chenye unyevu huweza kuua chipu ya RAM. Ingia MODE 7 na usome neno la mwanzo. Mashine ikiandika CCC!Comquues!33K, na skrini yote imejaa alama za mshangao, usiogope. Biti ya chini kabisa imekwama kwenye moja: B imekuwa C, p imekuwa q, nafasi tupu imekuwa mshangao, na herufi ambazo tayari zilikuwa na moja pale hazikubadilika. Ikiandika @@A mahali pa BBC, ni biti ya pili iliyokwama kwenye sifuri. Kompyuta inaendelea kufanya kazi kwa sababu skrini ya modi 7 iko &7C00, kwenye benki ya juu, IC53 hadi IC60, wakati kumbukumbu za MOS yenyewe ziko benki ya chini, IC61 hadi IC68. Ikifa ya chini, unarudi kwenye ule mlio usiokoma.

Lakini kabla ya kulaumu RAM, andika MODE 0. RAM mbovu itaonyesha michirizi ya wima hapo pia. Kama MODE 0 ni safi na modi 7 peke yake ndiyo mbovu, angalia SAA5050, IC5, chipu ya herufi za modi 7. Iko kwenye soketi, kwa hiyo anza kwa kuichomoa na kuirudisha. Na kama picha ni safi mwanzoni kisha inaanza kumeremeta nukta baada ya dakika ishirini, gusa IC6, chipu ya video. Ikiwa haina bati la kupozea, libandike.

Ukihitaji RAM, inayotakiwa ni 4816, ya volti 5 peke yake. Muuzaji akikupa 4116 kwa sababu ina miguu 16 na kilobiti 16 vile vile, ikatae: hiyo inadai volti 12 na hasi 5 pia.

Mwisho, zile kaseti. Kabla ya kuzicheza tena na tena, angalia kingo za mkanda kupitia dirisha la kaseti. Ukiona unga mweupe, ni ukungu ulioota. Usiuweke mkanda huo kwenye rekoda nzuri kabla ya kuupitisha mbele na nyuma kwenye rekoda kuukuu, ukisafisha kichwa kila upande. Iliyo safi irekodi mara moja kwenye kompyuta ya kisasa kama faili la WAV, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, mono. Usitumie MP3, kwa kuwa inakata vitu ambavyo sikio halivihitaji lakini BBC Micro inavihitaji. Kisha unaweza kucheza faili hilo kutoka kwenye simu, kebo ikitoka tundu la headphone kwenda soketi ya kaseti: sauti robo tatu, ekwalaiza imezimwa, simu kwenye hali ya ndege ili ujumbe usiingie katikati ya kipande. Anza na kaseti ya hesabu ambayo hamna nakala yake ya pili.